Mvinyo wa nyumbani: uukomaze kwenye chombo gani?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Nina mvinyo wa zabibu nyekundu kama lita 23, nimeuchachusha mwenyewe kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Mapovu yamekoma, sasa ni wiki ya tatu. Ladha bado ni kali na inakausha ulimi, kwa hiyo nataka kuuweka mwaka mzima ukomae. Nimeona mapipa madogo mapya ya mwaloni ya lita 10 na nafikiria kununua mawili. Rafiki yangu anasema mvinyo usiopita kwenye pipa haukomai, kwa sababu haupumui. Jirani anasema niuache kwenye plastiki, maana siku hizi kila chakula kimo kwenye plastiki. Mama mkwe amenipa mtungi wa udongo wa zamani, ndani umepakwa kitu kinachong'aa. Sufuria kubwa la alumini pia ninalo. Nichague kipi? Na nikikosea, utageuka siki?"*

Ndugu msomaji, habari ni njema, na asante kwa kueleza kila kitu waziwazi. Umeuliza juu ya mwaka mzima ujao, lakini kilichonishtua mimi ni hizi wiki tatu zilizopita. Kwa hiyo nianze na la haraka, kisha tuje kwenye mapipa na mitungi.

Mvinyo unapochacha hutoa gesi ya kaboni dioksaidi kwa wingi. Gesi hiyo hujaa juu ya mvinyo na kuisukuma hewa nje, ndiyo maana ndoo yenye mdomo mpana haina madhara siku hizo. Mapovu yakikoma, ulinzi huo nao unaondoka. Mfuniko wa ndoo haubani sawasawa, hewa inarudi taratibu, na mvinyo wako uko uchi chini yake. Hamisha mvinyo huo wiki hii. Usisubiri mpaka upate chombo unachokitamani.

Jibu langu kwa ufupi ni hili: tafuta dumu la kioo lenye shingo nyembamba, la lita 19, ulijaze mpaka shingoni. Ukishaacha mashapo chini ya ndoo utabaki na lita 21 au 22 hivi, kwa hiyo kinachozidi kitie kwenye chupa za kawaida, nazo zijae mpaka juu. Mapipa usinunue kwa sasa. Mtungi na sufuria viondoe kabisa kwenye hesabu. Sasa nikueleze kwa nini, maana ukielewa sababu utaweza kuamua mwenyewe hata mwaka kesho ukiwa na kiasi kingine.

Rafiki yako amesema kweli, ila ameishia nusu. Ni kweli kwamba oksijeni kidogo husaidia mvinyo mwekundu. Huo ukali unaokausha ulimi unatokana na tanini, ambazo hutoka kwenye maganda na mbegu za zabibu. Kadiri muda unavyokwenda tanini huungana zenyewe kwa zenyewe na kuungana na rangi ya mvinyo. Oksijeni ikiingia kwa kiasi kidogo sana, muungano huo huenda vizuri zaidi, ukali hulainika na rangi hushika. Lakini sehemu kubwa ya kazi hiyo huendelea hata bila hewa mpya, na ndiyo sababu mvinyo hukomaa ndani ya chupa iliyozibwa, mahali ambapo karibu hakuna kinachoingia.

Nusu aliyoiacha ni kwamba oksijeni ikizidi, hiyo hiyo iliyokuwa ikisaidia ndiyo inayoharibu. Kwanza hugeuza kilevi kuwa asetaldehidi, na mvinyo unaanza kunuka kama tofaa lililokatwa likaachwa mezani. Rangi huelekea hudhurungi na harufu ya tunda hupotea. Kisha wanakuja bakteria wa siki. Wadudu hawa wako kila mahali, kwenye maganda ya zabibu, kwenye vyombo, hata miguuni mwa inzi wadogo wa matunda. Kuwaangamiza wote hutaweza, lakini bila oksijeni hawastawi. Wakiipata, hula kilevi na kutoa asidi ya siki. Kwa hiyo swali lako la mwisho jibu lake ni ndiyo, mvinyo unaweza kugeuka siki, na kinachougeuza ni nafasi ya hewa iliyo juu yake kuliko aina ya chombo.

Naomba tukae hapa kidogo, maana hapa ndipo mvinyo mwingi wa nyumbani unapopotea. Lita 1 ya hewa ya kawaida ina oksijeni ya karibu miligramu 280. Tuseme umeweka lita 19 kwenye dumu la lita 23. Juu kumebaki lita 4 za hewa, yaani oksijeni zaidi ya gramu 1, sawa na karibu miligramu 59 kwa kila lita ya mvinyo. Sasa linganisha: mvinyo ulioshiba hewa kabisa, kwa joto la chumba, hubeba miligramu 8 hivi tu kwa lita. Humo ndani umefungia mara saba ya kiasi hicho, na kila ukifungua kuonja unaingiza nyingine. Chukua mvinyo ule ule, uujaze kwenye dumu la lita 19 mpaka zibaki sentimita 2 au 3 chini ya kizibo. Hewa iliyobaki kwenye shingo ile nyembamba itajaa kikombe kidogo tu, pengine isijae. Mvinyo ni ule ule na kioo ni kile kile, lakini mwisho wa mwaka utakuwa na vinywaji viwili tofauti.

Ndiyo maana huwa nawaambia watu waanze kwa kupima walicho nacho, kisha watafute chombo kinachotosha hapo hapo. Wengi wanafanya kinyume: wananunua chombo kizuri, kisha wanahangaika kukijaza.

Na kuhusu kupumua, mvinyo wa kwenye kioo nao unapata hewa yake. Kila unapouhamisha kutoka dumu moja kwenda jingine ili kuacha mashapo, unachukua oksijeni ya miligramu chache kwa lita, hata ukiwa mwangalifu. Kwa mwaka utauhamisha mara mbili au tatu. Kwa lita zako 20 hicho ni kipimo cha kutosha, na uzuri wake ni kwamba unakipanga wewe.

Sasa tuje kwenye pipa. Nalipenda pipa, na silidharau hata kidogo. Linafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: linapitisha hewa kidogo kidogo kwenye mbao na maungio yake, na linatoa ladha, ile harufu ya vanila, viungo na moshi mwepesi inayotokana na mwaloni uliobabuliwa kwa moto ndani. Pia linapoteza mvinyo, kwa sababu maji na kilevi huvukia kupitia kwenye mbao, kwa hiyo lazima lijazwe tena mara kwa mara. Mapipa ya watengenezaji wa Bordeaux ni ya lita 225, na ya Burgundy ni lita 228. Ukubwa huo una maana yake. Katika pipa la namna hiyo, kila lita ya mvinyo inagusana na eneo dogo la mbao, hivyo hewa na ladha huingia polepole, na mvinyo unaweza kukaa humo mwaka au zaidi bila kuzidiwa.

Pipa la lita 10 lina umbo lile lile, lakini kila lita moja ndani yake inagusa mbao karibu mara tatu ya ile ya pipa kubwa. Hivyo ndivyo hesabu ya maumbo ilivyo: chombo kikipungua ujazo, kuta zake hazipungui kwa kasi ile ile. Tena mbao za pipa dogo mara nyingi ni nyembamba zaidi. Kwa hiyo hewa, mvuke na ladha ya mbao vyote vinakwenda mbio, ilhali tanini zako bado zinahitaji ule ule muda mrefu. Mvinyo utajaa ladha ya ubao ndani ya wiki chache, kabla ukali haujalainika. Ukiutoa mapema, hujaukomaza. Ukiuacha mwaka mzima kama unavyotaka, utakunywa mbao. Hakuna siku moja ambayo yote mawili yatakuwa yameiva pamoja, angalau katika pipa jipya la ukubwa huo.

Kuna na matunzo, ambayo muuzaji hakuelezi. Pipa jipya lazima kwanza lijazwe maji safi, siku moja hadi tatu, mbao zivimbe na lisivuje. Likishatumika halitakiwi kukaa tupu na kukauka. Mbao hushika vijidudu ndani ya vitundu vyake, mahali ambapo brashi haifiki, na pipa likishaingiwa na bakteria wa siki au hamira ya Brettanomyces, ile inayoleta harufu ya zizi la farasi, hakuna njia ya uhakika ya kulisafisha. Na usije ukaliosha kwa dawa ya klorini. Klorini ikikutana na mbao na ukungu huzaa kitu kinachonuka kama gunia lililoloa, na kiasi chake kidogo kabisa kinatosha kuharibu mvinyo wote. Onyo hilo linahusu vizibo vya gome la mti pia.

Unachokitaka kutoka kwenye pipa, nadhani, ni ile ladha. Hiyo unaweza kuipata bila pipa. Vipo vipande vya mwaloni uliobabuliwa, vinavyotengenezwa kwa ajili ya mvinyo, ambavyo unavitia ndani ya dumu la kioo. Anza na gramu 2 kwa lita, yaani gramu 38 kwa dumu lako. Baada ya wiki mbili onja, kisha endelea kuonja kila wiki. Siku utakayohisi ladha ya mbao imezidi tunda kidogo tu, hamisha mvinyo uviache nyuma, kwa sababu makali hayo ya mbao nayo hutulia na kujichanganya miezi inayofuata. Vijiti vinene hutoa ladha taratibu kuliko vipande vidogo, na kwa mtu mwenye subira ni bora zaidi. Usichukue mabaki ya mbao kwa fundi seremala. Hujui ni mti gani na umepakwa dawa gani.

Kama moyo wako umelipenda pipa na hautulii, basi nunua moja badala ya mawili, na ulitumie kama kituo cha njiani. Tia lita 10 humo, onja kila wiki, jazia kila unapoonja, na mara ladha ikikutosha rudisha mvinyo kwenye kioo umalizie mwaka wake huko. Kila mara utakayolitumia ladha itatoka polepole zaidi, kwa hiyo mvinyo wa pili utakaa muda mrefu kuliko wa kwanza, na wa tatu kuliko wa pili. Baada ya mara chache litabaki kuwa chombo kinachopitisha hewa tu, na kwa udogo wake hewa yenyewe itakuwa nyingi kuliko unavyotaka.

Jirani yako naye ana hoja. Plastiki ya chakula si sumu kwa mvinyo wako, na ndoo uliyotumia ilifaa kabisa kwa kazi ya kuchachusha. Tatizo lake ni jingine: plastiki hupitisha oksijeni kwenye kuta zake zenyewe, hata kama mfuniko umebana. Angalia chini ya chombo, utaona pembetatu yenye namba. Namba 2 ni polithini nzito, ile ya ndoo na madumu mengi ya kubebea maji. Hiyo inapitisha hewa kwa kiwango ambacho kwa wiki chache hutahisi, lakini kwa mwaka utahisi bila shaka. Namba 1 ni PET, inayozuia vizuri zaidi, na yapo madumu mazito ya PET yaliyotengenezwa kwa ajili ya mvinyo. Kwa miezi michache siyakatai, na uzito wake mwepesi ni faida kubwa kwa mwenye mgongo mbovu. Kwa mwaka mzima bado ningechagua kioo. Kumbuka pia kwamba plastiki hunyonya harufu na hukwaruzika, na ndani ya mikwaruzo vijidudu hujificha. Dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa, dawa ya mimea au sabuni halifai hata ulioshe namna gani.

Mtungi wa mama mkwe unataka maneno ya upole nyumbani lakini msimamo thabiti. Udongo ni chombo cha kale na cha heshima katika kazi hii. Nchini Georgia, katika eneo la Kaukazi, mvinyo huchachushwa na kukomazwa kwenye mitungi mikubwa iitwayo qvevri, na mwaka 2013 UNESCO iliuweka utaratibu huo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Lakini mitungi ile ndani hupakwa nta ya nyuki ili kuziba vitundu, na hufukiwa ardhini mpaka mdomoni, mahali ambapo joto halipandi wala kushuka kwa ghafla. Mtungi mdogo wa udongo mtupu, ukiwekwa chumbani, huvuja jasho kutwa na kupitisha hewa kupita kiasi.

Wako una kitu kinachong'aa, na hapo ndipo hofu yangu ilipo. Mng'aro wa vyombo vingi vya zamani ulitengenezwa kwa risasi, ile metali nzito yenye sumu. Mvinyo ni asidi, kwa kawaida pH yake (kipimo cha uchachu, ambacho namba yake ikiwa ndogo uchachu ni mkubwa) iko kati ya 3 na 4, na asidi huitoa risasi kwenye mng'aro ule na kuiyeyushia kwenye kinywaji. Chakula kikipita humo saa moja ni jambo moja, mvinyo kukaa mwaka ni jambo jingine kabisa. Wala ulimi hautakuonya. Warumi wa kale walichemshia maji ya zabibu kwenye vyombo vya risasi, na risasi yenyewe ilichangia utamu walioufurahia. Hakuna namna ya kujua kwa macho kama mtungi huo ni salama. Maabara inayopima risasi inayotoka kwenye vyombo vya chakula ndiyo yenye jibu, na mpaka ulipate, mtungi ubaki pambo. Mwulize mama kwa heshima kama kuna waliokuwa wakiutumia kuhifadhia vitu vichachu kama siki au achari. Kama wapo, na hasa kama ni mjamzito au mtoto, waende hospitali waombe kipimo cha risasi kwenye damu.

Sufuria la alumini nalo liache jikoni. Asidi hula alumini polepole, mvinyo unaweza kupoteza uangavu na kupata ladha ya chuma, na ukitia salfaiti, ile dawa ya kuhifadhia mvinyo nitakayoieleza chini, alumini huigeuza kuwa gesi inayonuka kama yai bovu. Shaba, zinki na chuma cha kawaida viko kundi hilo hilo. Chuma pekee kinachofaa ni kile kisichoshika kutu, kile cha matangi ya viwandani. Hicho ni kizuri sana, hakipitishi hewa wala mwanga na hakivunjiki. Ukipata keni ya lita 19 ya namna hiyo, ile inayosambaziwa soda au bia, safi na yenye mpira wa kuzibia usionuka soda au bia iliyotangulia, itumie bila wasiwasi badala ya kioo. Itoe mgandamizo kwanza kabla ya kuifungua.

Nimekusifia kioo, kwa hiyo ni haki nikueleze na ubaya wake. Dumu la lita 19 likijaa lina uzito unaozidi kilo 19 za mvinyo peke yake, likiwa na maji nje linateleza, na likivunjika linakata vibaya mno. Usilinyanyue kwa shingo. Liweke ndani ya kreti, au lijazie pale pale litakapokaa mwaka mzima, usilibebe likiwa limejaa. Usilimwagie maji ya moto likiwa la baridi. Mwanga pia hupita kwenye kioo na kuharibu harufu ya mvinyo, basi livalishe kitambaa kizito au liweke gizani.

Mahali ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri. Nyuzi 12 hadi 15 za Selsiasi ndizo nzuri zaidi, lakini kama huna mahali pa baridi kiasi hicho, tafuta basi mahali ambapo joto halibadilikibadiliki. Mvinyo hutanuka ukipata joto na kunywea ukipoa. Lita 19, joto likibadilika nyuzi 10, zinapanda au kushuka kwa mililita 40 au 50. Ukipoa, nafasi hiyo huvuta hewa kutoka nje, kesho ukipashwa joto hewa inatoka, na keshokutwa inaingia nyingine. Dumu lililo karibu na dirisha la jua linapiga pampu kila siku bila wewe kujua.

Kabla hujahamisha chochote, pima kwa haidromita, kile kipimo cha kioo kinachoelea ndani ya mvinyo na kuonyesha kama sukari ingalipo. Kukoma kwa mapovu si ushahidi kwamba sukari imekwisha. Pengine hamira imechoka au imepata baridi. Pima leo, pima tena baada ya siku 3 au 4. Ukikuta namba ile ile mara zote mbili, na iko chini ya 0.996, sukari imekwisha. Ikiwa bado inashuka, hamishia kwenye dumu vivyo hivyo ulikinge na hewa, lakini usizibe kwa nguvu. Tumia kile kizibo chenye kimrija cha maji kinachotoa gesi bila kuingiza hewa. Kioo kilichozibwa huku mvinyo ukiendelea kuchacha kinaweza kupasuka chenyewe, na vipande vyake havichagui pa kwenda. Zile chupa za ziada zina hatari hiyo hiyo, kwa hiyo usizibane mpaka haidromita ikuruhusu. Ziweke vizibo vyepesi kwanza.

Unapohamisha, peleka mpira mpaka chini ya dumu jipya, mvinyo upande polepole bila kurusha mapovu. Acha mashapo mazito ndani ya ndoo. Ukiyahurumia ili uokoe nusu lita, utakuja kupata harufu ya yai bovu miezi miwili baadaye.

Kuhusu salfaiti, wengi huiogopa na wengine huimwaga kwa kukisia. Mimi naipendekeza, kwa mizani. Miligramu 50 za unga wa potasiamu metabisalfaiti kwa lita hutoa karibu miligramu 28 za salfa dioksaidi, yaani gramu 1.1 kwa lita zako 22. Huo ni mwanzo mzuri, lakini kiasi halisi hutegemea pH: mvinyo wa pH 3.4 huhitaji miligramu 30 na kitu za salfa dioksaidi iliyo huru (yaani ambayo bado haijashikana na vitu vingine vya mvinyo) kwa lita, ule wa pH 3.8 huhitaji karibu 80 kupata ulinzi ule ule. Na usidhani salfaiti ni ruhusa ya kuacha dumu nusu. Miligramu 1 ya oksijeni inaweza kumaliza hadi miligramu 4 za salfa dioksaidi, sasa rudi kwenye ile hesabu ya lita 4 za hewa uone zitadumu vipi. Mwenye pumu anayeathiriwa na salfaiti azungumze na daktari wake kabla ya kunywa, na wewe umwambie mgeni yeyote kwamba imo.

Baada ya hapo kazi ni ndogo. Kila wiki angalia maji ya kile kimrija, hukauka upesi na kikikauka mlango uko wazi. Mvinyo ukitulia kabisa badilisha uweke kizibo kizima cha silikoni. Hamisha baada ya miezi 2 au 3, na kila mara utumie zile chupa za ziada kujazia kilichopungua. Hiyo ndiyo kazi yake, usizinywe zote sikukuu ikifika. Miezi 6 au 8 ikipita, onja kwa utulivu. Ukiuona umetulia na umesafika, huna haja ya kungoja mwaka utimie ndani ya dumu. Tia kwenye chupa na miezi iliyobaki imalizike huko, maana kwa mtu mwenye lita 20, chupa iliyozibwa vizuri ndiyo chombo bora cha kukomazia kuliko vyote tulivyotaja.

Kuna mambo ambayo siwezi kuyaamua kwa maandishi. Ukifungua ndoo ukakuta kiwamba cheupe juu na harufu bado ni safi, nyonya mvinyo kutoka chini yake, tia salfaiti, jaza dumu, uendelee. Lakini harufu ikikuchoma pua kama siki au kama dawa ya kufutia rangi ya kucha, mpelekee kikombe mtu anayetengeneza mvinyo kwa kazi, anuse mwenyewe. Akithibitisha umekwenda, hakuna chombo wala muda utakaourudisha. Uache umalizie safari yake ya kuwa siki, mbali na vyombo vyako vingine. Na kama huna kipima pH cha kuaminika, peleka sampuli kwenye maabara ya vyakula wakupimie pH na salfa dioksaidi iliyo huru. Ukishapata hizo namba, pamoja na zile mbili za haidromita, niandikie tena. Nitakupigia hesabu ya salfaiti kwa mvinyo wako halisi badala ya hii ya kukadiria.